Disketi za Baba Ndani ya Bafle

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimeishi Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, zaidi ya nusu ya umri wangu, na Rugaaga, mji wa jirani, naijua kwa kusikia tu, kama watu wanavyoijua Ulaya. Base Camp, penye ofisi za kambi, naenda nikiitwa, na nikirudi nahitaji kulala. Kazi yangu ni kuchaji simu za watu. Nina sahani ya sola juu ya bati, betri ya gari iliyochoka chini ya kitanda, na nyaya zinazotoka dirishani kama utumbo. Watu huleta simu asubuhi, nami naketi mlangoni nikizilinda. Inamfaa sana mtu asiyependa kutoka, maana simu nazo haziendi popote mpaka zijae.

Kazi hiyo ndiyo iliyoniponza. Ukionekana umeketi kati ya nyaya, watu wanaamini unajua kila kitu chenye umeme. Hata mama yangu, ambaye alijua vizuri kwamba sekondari nilitoka kabla haijanizoea, aliamini hivyo. Ndiyo maana Jumapili moja, baada ya ibada, aliteremsha ndoo ya maji iliyokuwa juu ya bafle, akalilaza bafle kifudifudi, akaniambia nilete bisibisi.

Hilo bafle lina habari yake. Lilikuwa la kwaya ya paruasi yetu, yaani parokia, kule Kivu ya Kusini, Kongo: sanduku la mbao lenye spika moja kubwa tumboni. Baba alikuwa mwinjilisti na katibu wa paruasi. Siku ya kukimbia, wenzetu walibeba magodoro, sufuria na watoto. Mama alibeba bafle kichwani. Bafle bila redio, bila waya, bila kwaya. Njia nzima watu walimtazama kwa huruma, wakidhani akili imebaki nyuma. Tulipofika Nakivale likawa samani yetu ya kwanza. Nimelikalia, nimekula ugali na kusomea juu yake. Tangu tulipovuka mpaka halijawahi kutoa sauti.

Nilipofungua mgongo wake nikakuta mfuko wa plastiki umebanwa nyuma ya spika, na ndani ya mfuko, disketi.

"Iko maneno ya baba yako hizo," mama alisema. "Mahubiri yake yote. Nilificha humo sababu bale batu ba bunduki balikuwa banapekua kila kitu, hata kikwembe kwenye kiuno. Lakini nani atapekua bafle?"

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Ningesema, ungezichezea."

Alikuwa sahihi. Kwa ambaye hakuziona, disketi ni kipande bapa cha plastiki, upana wa kiganja, chenye mlango mdogo wa chuma. Ndani yake mnazunguka utando mweusi, mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Zamani kompyuta ziliweka maandishi humo. Zote zile za mfuko wa mama, ukizijumlisha, hazitoshi kubeba video moja ya mtu akicheza harusini ambayo wateja wangu hutumiana kutwa nzima.

Niseme sasa kwa nini alizitoa siku ile.

Baba hakukimbia pamoja nasi. Alirudi kufunga ofisi ya paruasi, akasema atatufuata. Wapo waliosema walimwona akiteremka kuelekea ziwani katikati ya watu wenye silaha. Mwingine alisema aliona kiatu chake. Huyo wa kiatu sijamsamehe mpaka leo, alikieleza vizuri mno. Kaburi halikuwepo, na picha zake ziliungua na nyumba.

Kwetu mjane huvaa nyeusi mpaka siku ya kutosha matanga, yaani kuyaondoa. Siku hiyo watu wanakusanyika, wanamtaja marehemu, wanaomba, kisha wanawake wanamvua mjane kitambaa cheusi kichwani na kumfunga cheupe. Halafu watu wanakula. Kwa kawaida ni baada ya mwaka hivi. Mama alikuwa na cheusi chake tangu njiani, kikichakaa anashona kingine. Lakini matanga ya nani ungeyatosha? Hapakuwa na mwili, wala kaburi, wala hata shati lake. Wajomba walishauri tuzike mgomba mahali pake, kama walivyofanya wazee wa upande wao.

"Miye sikuolewa na mugomba," mama aliwajibu, na mjadala ukaishia hapo.

Mchungaji wetu wa hapa naye hakutaka mgomba, kwa sababu zake za kanisa. Alisema tulete chochote kilichotoka kwake, kitu cha kushika, tutakiombea na kukizika. Mama akanyamaza miaka. Kisha miguu yake ikaanza kuvimba, akawa hawezi kupanda kutoka bombani bila kukaa chini njiani. Kliniki walimwambia moyo umechoka. Jumapili iliyofuata ndipo alipoliteremshia bafle ndoo.

"Sitaki kumukuta baba yako na hii kitambaa kwenye kichwa," aliniambia. "Ataniuliza: mama, ni nani amekufa?"

Alitaka niende Mbarara mjini nikatafute mashine ya kuzisoma, ili maneno ya baba yasikike siku hiyo. Nilijaribu kukwepa, Mungu ananiona. Nilisema simu za watu zitaibwa. Nilisema kifua kinanibana.

"Mbarara iko na meno?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi enda. Simu nitazilinda miye. Hata kukimbia siwezi tena, nitakimbilia nazo wapi?"

Nikaenda. Sitaeleza safari, kwa sababu nilifumba macho sehemu kubwa yake. Mbarara nilishuka nikiwa nimeukumbatia mfuko kama mtu aliyebeba mayai. Nikaingia kwenye duka la kwanza la kuchapa na kutoa fotokopi. Kijana wa pale akachukua disketi, akaigeuza, akawaita wenzake. Waliipiga picha, nami nikatokea pembeni nusu uso. Kompyuta zao zilikuwa nyembamba kama sahani na hazikuwa na tundu la kuiingiza. Duka la pili vilevile, bila picha. La tatu wakaniambia nyuma ya soko kuna mama mmoja anayechapa barua na vibali, hajawahi kutupa kitu tangu azaliwe.

Nilimkuta amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye nywele.

"Karibu ssebo. Fotokopi?"

"Hapana, nyabo," nikamwita bibi kwa lugha ya huko. "Nina hizi."

Alicheka mpaka akashika meza. "Banange! Hii vitu bado iko duniani? Wewe unatoka wapi nazo?"

"Nakivale."

"Watu nakimbia na godoro, wewe nakimbia na disketi?"

"Mama yangu ndiye alikimbia nazo. Mimi nilikimbia na kuku."

"Sasa kuku iko wapi?"

"Tulimla njiani."

"Haya. Basi mama yako alikuwa na akili zaidi."

Aliondoa lundo la karatasi, kisha kitambaa, na chini yake ikaonekana kompyuta ya zamani, kubwa kama kibanda cha njiwa, imekuwa ya manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Yeye huitumia kama meza ya chai. Aliiwasha. Ilikohoa, ikafikiri, ikakubali. Kabla ya kuingiza chochote alinionyesha kwenye pembe ya disketi kipande kidogo cha plastiki kinachoteleza. Alikisukuma mpaka tundu likaonekana.

"Hapa ikiwa wazi, mashine inaweza soma tu, haiwezi andika juu yake. Sawa? Hatutaki kumaliza hii mzee."

Alisema disketi tu. Sikuwa nimemwambia habari za baba.

Disketi ya kwanza ililia kama panya aliyebanwa na mlango, na kwenye kioo yakatokea maneno. Alinitafsiria: mashine inasema hii haina kitu, inauliza kama iisafishe ianze upya.

"Kubali?" niliuliza. Huyo ndiye mimi, fundi wa umeme wa mtaa wetu.

Alinipiga mkono. "Usiguse! Ukikubali inafuta yote."

Ya pili ikasema vilevile, na ya tatu. Alifungua vimlango vya chuma, akakagua utando kama una ukungu. Akasafisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti, akajaribu tena. Utando ulikuwa safi, unang'aa. Hilo ndilo lililomshangaza.

"Hii haikunyeshewa. Haiko na kuvu. Ulikuwa naweka wapi?"

"Ndani ya bafle."

"Bafle ya muziki? Na spika ndani?"

"Nyuma ya spika kabisa. Ndipo palikuwa salama."

Hakucheka safari hii. Alivua miwani ya machoni, akavaa ile ya kwenye nywele. Akachukua bisibisi yake na kunionyesha pini za karatasi zilizokuwa zimenata kwenye ncha.

"Ssebo, nyuma ya spika iko sumaku. Kubwa. Hii maneno kwenye disketi inashikwa na sumaku kidogo kidogo. Ile kubwa inakula ndogo."

Miaka yote hiyo nimelikalia. Ugali wangu ulikuwa juu, sumaku katikati, na baba chini, akifutika Jumapili moja baada ya nyingine. Kumbe tulikimbia askari na mharibifu tukambeba kichwani.

Nilitaka kwenda nyumbani. Kwa mtu kama mimi hiyo si habari, nataka kwenda nyumbani hata nikiwa nyumbani. Lakini yule mama alikuwa amebakiza disketi ya mwisho. Hiyo ilikuwa imetoka kwenye mfuko na kuangukia pembe ya chini ya sanduku, mbali na spika, na nusura niiache humo nilipokuwa nikikung'uta. Aliiingiza. Ililia. Ikanyamaza. Ikalia tena, na kwenye kioo likatokea faili moja.

Alipojaribu kulihamisha, lilifika kati likakwama. Akatafuta programu nyingine, ambayo haiburuti faili zima kwa pamoja bali inang'oa kipande kinachosomeka, inaruka kinachogoma, inaendelea. Tulikaa pale kama watu wanaosubiri mzazi leba. Alininywesha chai. Mwishowe akahamishia alichopata kwenye flashi, flashi akaichomeka kwenye kompyuta yake mpya, akafungua. Juu kabisa kulikuwa na takataka, vijisanduku na alama ambazo hata malaika hawazisomi. Chini yake, Kiswahili.

Hayakuwa mahubiri. Yalikuwa matangazo.

Alinichapia karatasi moja. Nilimsomea kwa sauti kwa sababu aliomba, na nilipofika mwisho wa maandishi akauliza, "Na nyingine?" Nikamwambia hakuna. Alinirudishia mfuko, akasema nimsalimie mama. Kwenye mlango akaongeza, "Usimwambie habari ya sumaku."

Sikumwambia. Mama aliponiuliza habari ya zile nyingine nikasema zimezeeka. Alitikisa kichwa, kama mtu anayesikia habari za rika lake.

Siku ya kutosha matanga watu walijaa uani. Wengine sikuwajua, ila walimjua baba, na kadhaa walikuwa wa paruasi yetu ya kule. Kijisanduku cha mbao kilikuwa tayari, chenye disketi zote zitakazozikwa pembeni ya nyumba. Mama aliketi kwenye mkeka, miguu yake imevimba kama mito. Mama mdogo, yaani mdogo wake, alisimama nyuma yake akiwa na kitambaa cheupe kwenye sinia. Mchungaji akasema mtoto wa marehemu atasoma maneno ya baba yake, kisha atasema amina, na hapo wanawake watamfungua mjane.

Mimi, ambaye sijawahi kusimama mbele ya watu isipokuwa kuwaambia simu zao zimejaa, nikasimama.

"Matangazo ya Jumapili," nilisoma. "Wapendwa, la kwanza ni mbuzi. Nimesema na ninarudia, uzio wa kanisa si fasi ya kufungia mbuzi. Jumapili iliyopita mbuzi wa ndugu mmoja, simtaji, ila yuko safu ya pili, alikula maua ya arusi kabla bibi arusi hajafika."

Halafu nyuma, mzee mmoja akainua fimbo.

"Ni miye," alisema. "Ile mbuzi ilikuwa yangu."

Uani pakalipuka. Watu walicheka wakapigana mabega. Mchungaji akainamisha uso kwenye Biblia, mabega yakimtikisika.

"Na iko wapi leo, mzee?" mtu akamchokoza.

"Ilikuliwa na basoda, bale ba bunduki, wiki ile ile. Na bibi arusi pia hakubaki."

Kicheko kikafa. Nikaendelea.

"La pili, kwaya. Wanaokuja kwenye mazoezi kwa ajili ya chai tunawajua, na chai inawajua. La tatu, mvua imeharibu bati la ofisi, kwa hiyo Jumamosi kila mwanaume aje na nyundo, asije na maneno. Na mwisho..."

Hapo wa zamani wote wakaguna pamoja, na mama akacheka, kicheko kile kile nilichokuwa nimekisahau. Walijua. Baba alikuwa akisema "na mwisho", watu wanaanza kukusanya viatu, na yeye anaendelea hadi wali wa nyumbani unaungua.

"Na mwisho, wapendwa wangu, ninaomba"

Nikashusha karatasi.

"Endelea," mama alisema.

"Imekatika hapo, mama."

"Endelea."

"Hakuna kitu tena. Mashine ilishindwa."

Mchungaji aliinua mkono na kuniangalia, akingoja ile amina. Ningeweza kuisema. Ningeweza hata kumtungia baba maneno, mtindo wake naujua, ningemweka aombe misumari au viti. Nilitazama karatasi, na baada ya "ninaomba" palikuwa peupe tu. Nikaikunja. Mchungaji akasema amina mwenyewe, watu wakaitikia, na mama mdogo akainama kufungua fundo la kitambaa cheusi.

Mama akakishika kwa mikono miwili.

"Acha."

"Dada, batu bako banangoja."

"Hajamaliza. Munatosha matanga ya mutu anayesema?"

"Dada, huyu mutu alikufa."

"Mumemusikia wote. Mumecheka naye. Amesema anaomba. Anaomba nini?" Alinigeukia. "Anaomba nini, mutoto wangu?"

Nilimpa karatasi. Kitambaa cheupe kilirudi kwenye sinia. Kwenye kijisanduku mama aliingiza mkono, akaitoa ile disketi iliyosema, na zile zilizonyamaza tukazizika. Watu walikula wali kwa haraka, bila kutazamana, wakaondoka.

Ndivyo nilivyomrudisha baba ili tumzike, akarudi akiwa hai nusu sentensi.

Nilikwenda tena Mbarara, na tena, mimi ambaye hata Rugaaga ilinishinda. Yule mama wa miwani mbili alijaribu kila safari bila kulalamika. Safari ya mwisho mashine ilitoa sauti ya kucha kwenye sufuria, na alipoitoa disketi utando ulikuwa na mkwaruzo wa duara. Hata mbuzi hakusomeka tena. "Pole ssebo," alisema, akaifunika kompyuta kwa kitambaa chake na kuweka kikombe juu.

Nyumbani mama alikuwa akikisia. Alikuwa amelala zaidi kuliko kukaa, na mimi nikichaji simu alikuwa akisema kutoka ndani, "Labda aliomba mbao." Baada ya kitambo, "Labda aliomba bamuletee wino." Mara nyingine alikasirika naye: "Mutu gani anaomba mbele ya batu bila kumaliza?" Siku moja alisema taratibu sana, "Labda aliomba tumungojee," kisha akaniambia nizime redio ya jirani. Hakukuwa na redio.

Alifariki mvua zilipoanza. Wanawake walikuja kumwosha, na mama mdogo akatoka mlangoni na kile kitambaa cheupe, bado kina mikunjo ya siku ile.

"Tumuvalishe hii," alisema. "Utazika mama yako na matanga kichwani?"

Nilikuwa nimeketi juu ya bafle. Nilifikiria baba akimpokea, akiuliza nani amekufa. Sijui mama angemjibu nini. Najua tu kwamba yeye mwenyewe alishika fundo lile kwa mikono miwili, mbele ya kanisa zima.

"Mwacheni na cheusi," nikasema. "Na hii mumwekee mkononi." Nikampa disketi.

"Imekufa hii."

"Ndiyo. Lakini maneno yalibaki huko kwa mwenyewe. Akamwulize."

Mama mdogo alinitazama kama watu walivyomtazama mama njiani, na bafle lake kichwani. Kisha akarudi ndani.

Bafle lipo. Ndoo ya maji imerudi juu yake. Simu za watu naziweka upande wa pili wa chumba, mbali nalo. Najua haliwezi kuzidhuru, nimeambiwa, simu za siku hizi haziliwi na sumaku. Wateja wananicheka, wanasema nafasi ile yote naiachia nini. Nami nawaambia wasiguse, maji yatamwagika.